Mkwe Niliyempata Mchezoni

Machimboni, Geita
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpenzi Minza, Mama Luhende,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na kile kikohozi kimekuachia. Watoto hawajambo? Na Baba, mgongo unamruhusu kufika zizini, au bado anawafokea wachungaji akiwa amekaa mlangoni? Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haijatulia. Barua hii naiandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza yangu ya kurandia mbao, kwa sababu kila nikikaa nainuka. Shemeji akusomee polepole, asiruke mahali, maana kuna neno la kumpelekea Baba, na nataka ulipeleke wewe mwenyewe.

Neno lenyewe ni ng'ombe wa mahari. Najua umeshashika kichwa. Najua Baba aliapa kwamba ng'ombe wangu hawatoki zizini pale Didia mpaka nirudi nikae, kwa kuwa nilikimbia mifugo, nikakimbia duka la Mhindi kule Shinyanga, nikakimbia na shamba la pamba alilonigawia. Usiikunje barua, dada. Nisikilize kwanza.

Kazi yangu ni ile ile, nachonga miti ya kuegemezea dari za mashimo. Ni kazi ya kusimama sehemu moja, na wewe unajua mimi na kusimama sehemu moja. Ndiyo maana nikajitwika kazi nyingine kanisani, isiyo na mshahara, ya kuwafundisha watu kuigiza habari za Biblia. Kanisa letu ni la udongo na nyasi, na nusu ya watu hapa hawajui kusoma, wengine Kiswahili chenyewe ni cha kuombea chumvi tu. Nilimwambia Mwalimu Elia, mwalimu wetu wa dini, kwamba hawa wakiona kwa macho watashika. Akakubali kwa shingo upande, akisema Padre akifika asikute ngoma. Jioni nikitoka kazini nawakusanya, nawapanga, nawafokea, na hapo peke yake ndipo miguu yangu inapoacha kuwasha.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa Nuhu na ulituaibisha. Watu walicheka mpaka wakaondoka, kwa sababu Nuhu wetu alizungumza na mkewe kama karani anayeita majina. Basi tulipoandaa Yakobo, wa kuigizwa Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima, niliwaambia wote: fanyeni kama mnavyofanya nyumbani, msinifanyie Uzungu. Yakobo nilikuwa mimi. Labani alikuwa Mzee Ngasa, mchoma matofali, mtu anayejua desturi kuliko sala. Raheli alikuwa Kabula. Na mama yake Raheli, ambaye Biblia haimtaji, nilimweka mimi, kwa kuwa hakuna Msukuma atakayeamini arusi isiyo na mama wa bibi arusi. Nikamchagua Mama Kabula, mama yake Kabula kweli.

Huyu mama ni mjane. Anatupikia wafanyakazi wa karakana, na ugali wake ndio ulioniweka Geita kuliko mshahara. Ana sauti ya kuita mtu kutoka ng'ambo ya mto. Mwaka mzima ameniita "we Yohana usiyetulia", ananigombeza, ananiongeza mboga.

Siku ya mchezo kanisa lilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Nikapiga goti, nikamkabidhi Labani jembe jipya la posa. Mzee Ngasa akaligeuza, akaligonga kwa ukucha alisikilize, akasema, "Tumelipokea, mashahidi mko hapa." Watu wakaitikia. Mama Kabula akamfunika bintiye shuka, akalia machozi ya kweli, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Dada, nilifurahi kupita kiasi! Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeondoka. Nilijiona fundi.

Kesho yake mchana nikaenda kula. Mama Kabula aliponiona alijifunika uso kwa kanga, akageuka, akaingia nyuma ya nyumba. Nikadhani nimemkosea. Nikamfuata, akakimbia! Mtu mzima, na mwiko wa ugali mkononi. Wenzangu wakaangua kicheko, mmoja akaniambia, "Mkwilima, unamfuataje mkweo? Huna adabu?"

Nilidhani ni utani, kumbe watu wote wameshika hivyo. Jembe limepokewa mbele ya mashahidi, kwa hiyo mimi ni mkwe, na mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Njiani akiniona anaingia majanini. Chakula changu ananiwekea juu ya jiwe, anaondoka, ndipo nakaribia. Kanisani nikiwa ndani, yeye anakaa nje nyuma ya ukuta na kuimba kutoka huko. Mwanzoni nilicheka, baadaye nikakasirika. Nilikosa hata mtu wa kunigombeza, na sikujua kwamba kugombezwa kunaweza kukosekana namna hiyo.

Mwalimu Elia naye alikasirika kwa sababu yake mwenyewe. Mchezo wa Pasaka umekaribia, na Mariamu mama wa Yesu ni Mama Kabula, hakuna mwingine awezaye kulia vile. Atawezaje kuingia nami nipo mbele nikiwapanga watu? Akamwita Mzee Ngasa, wakakubaliana jambo livunjwe: wale wale walioshuhudia wakusanyike, nirudishiwe jembe, kisha mimi na Mama Kabula tusalimiane kwa majina uso kwa uso, yaishe. Nikasema haraka sana kwamba ni vyema. Nilitaka mchezo wangu. Dada, nakueleza ukweli wangu wote, nilikuwa sijawaza kitu kingine.

Halafu katikati ya wiki nikakutana na Kabula kisimani. Nikamwambia, Jumamosi tunafunguliwa. Akatua mtungi. Akaniuliza, "Yakobo alikaa kwa Labani miaka mingapi?" Nikamjibu saba, na saba tena. Akasema, "Wewe je, huwa unakaa?" Akajitwika mtungi wake, akaenda. Tangu saa ile sijalala vizuri. Naranda ubao mmoja mpaka unakuwa mwembamba haufai. Rafiki zangu wanasema Segese kuna dhahabu, twende. Zamani ningeshafunga mzigo. Sasa najikuta nauliza mjomba wake Kabula atakuja lini, kwa maana baada ya mavuno atakuja kuwachukua Kabula na mama yake warudi Uzinza, na huko yupo mtu anayemtaka Kabula.

Jana Jumamosi asubuhi tukakusanyika mbele ya kanisa. Mzee Ngasa alishika jembe. Mama Kabula alikuja, akasimama mbali, mgongo kwetu, shuka kichwani.

"Yohana, pokea jembe lako," alisema Mzee Ngasa. "Na wewe Mama Kabula, geuka umwite jina lake, tumalize, kuna jua."

Nikanyoosha mkono. Mama Kabula hakugeuka. Mwalimu Elia akasema kwa upole, "Mama, ulikuwa mchezo tu."

Ndipo akasema, bila kugeuka, kwa ile sauti yake ya kuvuka mto, "Ninyi mlikuwa mnaigiza. Mimi nilikuwa namwoza mwanangu."

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimegusa mpini tayari. Nikauachia.

"Pokea, Yohana," Mwalimu akaniambia.

"Sipokei."

"Na Pasaka je?"

Mzee Ngasa alilitia jembe begani, akarudi nalo kwake, akisema atalitunza mpaka ng'ombe waje kulitoa upweke. Jioni nilimfuata Kabula uani nikamwambia nimekataa kurudishiwa. Akasema, "Nimesikia. Mimi hukuniuliza." Nikamwuliza. Akanitazama kitambo, mpaka nikatamani kukimbia. "Mlete baba yako," akasema, "nimwone mtu aliyekuzaa, nijue kama kwenu kuna anayekaa."

Basi hilo ndilo neno, dada. Mwambie Baba aje. Akishindwa kuja, atume ng'ombe na mtu mzima wa kuwasemea, kabla mjomba hajafika. Usimwambie kwamba nimekubali kurudi kuchunga, kwa maana sijakubali, na sitaki kumpata Baba kwa uongo. Mwambie ninamwogopa, na ninamhitaji. Mwambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo.

Kuhusu Pasaka, leo baada ya ibada nimeamua. Kabula anajua mchezo wote, kila mtu asimame wapi na aseme nini, kwa hiyo yeye ndiye atakayewapanga. Mama yake ataingia kanisani awe Mariamu. Kwa heshima yake mimi nitakaa nje, nyuma ya ukuta, pale alipokuwa akikaa yeye. Nimeshaenda kupatazama. Kuna tofali moja la kukalia, na mtu akiwa pale haoni chochote.

Nisalimie shemeji, umwambie ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Wasalimie Luhende na wadogo zake, shangazi yetu aliyenilea, na mchungaji wa Baba, yule mzee aliyenifundisha kukamua. Mama Mdogo mwambie wabeja kwa karanga, zilifika zote. Na Baba mpe shikamoo yangu kabla hujamwambia lolote.

Nimefika mwisho wa karatasi na ndiyo kwanza nimekaa.

Mdogo wako anayengoja,
Yohana