Mfereji Umeingia Duarani

Alhamisi, 6 Machi 2025
Nimefunga. Ngassa anajua nimefunga, basi kaja kukaa nami ukingoni mwa mfereji na muhogo wa kuchoma. Anatafuna polepole, makusudi. Eti, Mzaramo, harufu nayo inavunja swaumu? Nikamwambia Msukuma akifa hata fisi humwacha, nyama yote imeshakuwa maziwa mgando. Kacheka mpaka makombo yakamtoka.

Tulikubaliana zamani: atakayetangulia, mwenzake atalala kaburini mwake na hatoki mpaka alipwe kuku. Ndio utani. Mtani asipoinuka, udongo haumwagwi.

Mfereji umetulia. Wazee wa hapa waliuchimba kwa jembe na viboko, maji yaende kwenye kinu cha Mzungu cha kusaga mawe ya dhahabu. Mzungu kaondoka. Kinu kikauzwa chuma chakavu. Maji yakabaki, na sisi tukaota pembeni kama magugu — wafua nguo, wafuga bata, walevi, mimi.

Jumamosi, 8 Machi
Mvua usiku kucha. Maji yamefika jiwe la kufulia. Duara la Donatus, shimo lake la dhahabu, liko karibu mno na ukingo — anafuata mwamba, na mwamba umeelekea mferejini. Nimemwambia ukingo una ufa, mkono wangu umeingia wote. Kasema, Mzee Kamili, swaumu imekupanda kichwani. Kisha kamwita Ngassa ashuke kesho kuongeza matimba, maana kwa kusimamisha magogo ya kuzuia udongo hakuna kama yeye.

Nikamwambia Ngassa asiende. Kasema anaogopa zaidi ugali wa mkewe. Melania mwenyewe alikuwepo. Kampiga kwa kanga.

Jumapili, 9 Machi
Ukingo umekatika asubuhi. Mfereji wote umeingia duarani. Vijana walitoka kwa kamba. Ngassa alikuwa chini kabisa.

Jumatatu, 10 Machi
Wameziba kule juu kwa viroba vya mchanga. Mfereji mkavu. Miaka yote hii sijawahi kuliona tumbo lake — sufuria, ndala, kambale wanapiga mikia kwenye tope. Watu wameokota kambale. Melania kaletewa wawili. Kawatupia paka.

Pampu inavuta duarani. Maji hayapungui.

Jumanne, 11 Machi
Donatus kaita watu. Kaongea kwa upole, kofia mkononi. Mzee Ngassa hayuko hai tena, maduara mengine yamesimama, watu wana njaa. Mtambo wa kijiko uje ufukie, padre asome, hapo hapo pawe kaburi. Wengi wakaitikia. Njaa wanayo kweli, si uongo.

Melania kasema, mimi siziki shimo, nazika mtu.

Donatus kaninyooshea jogoo: Mzee Kamili, wewe ndiye mtani. Fanya mambo yako, tumalize.

Ndipo nikaelewa. Nikimpokea huyu jogoo, Ngassa kazikwa.

Melania kanong'ona, shemeji, usipokee.

Nimesema huyu jogoo ana kengeza.

Jumatano, 12 Machi
Naandika nimelala. Nimetandika mbao juu ya mdomo wa duara, nimejinyoosha katikati, mpira wa pampu ubavuni unatetemeka kama nyoka mgonjwa. Kijiko kimekuja toka Rwamgasa, kinanguruma. Dereva kagoma. Kasema kwao mtani aliyelala kaburini haondolewi kwa nguvu, ni mkosi. Mtani hulipwa tu.

Donatus kaleta jogoo mwingine, mwekundu. Nimesema kakonda. Kaleta mbuzi. Nimesema mbuzi kafanana na mjomba wake Donatus. Watu wakacheka, halafu wakaona haya. Yeye hakucheka. Kauliza, kwani unataka nini, mzee? Nikasema namtaka Msukuma wangu. Hapa nimelala kaburini mwa mtu ambaye hajafika.

Nimemtukana Ngassa huko chini mpaka koo limekauka. Mvivu, mla muhogo mbele ya waliofunga, hata kufa umeshindwa kufa pakavu. Huyu hajawahi kuacha tusi langu lipite.

Nimetega sikio.

Jua linazama. Melania kaja na uji wa kufuturu, kauweka kifuani pangu kama nami maiti. Mawingu yamerudi. Dizeli ya pampu inakaribia kuisha, na mwenye dizeli ni Donatus. Lakini maji yameshuka — timba la juu naliona, na fundo la kamba alilofunga Ngassa. Chini yake bado ni weusi tu.

Donatus anakuja tena. Safari hii anavuta ng'ombe.