Asili ya "Gauni la Manjano"

Funyula,
9 Machi 2024

Mkwe wangu Dancun,

Pokea salamu za huku kwetu. Kwa mwili sisi ni wazima. Mvua imeanza, mahindi ya shamba la juu yamechipuka, na ng'ombe mwekundu amezaa. Natumaini mtoto Zilpa ananyonya vizuri na Millicent amepata nguvu tangu alipojifungua.

Hujawahi kupata barua yangu, na mimi sikuwahi kufikiri nitakuandikia. Simu siwezi kukupigia, na kukaa mbele yako niseme haya ndiyo kabisa siwezi. Wewe ni mtoto wa Kiluhya kama sisi, unajua bukhwe ni nini. Tangu umwoe Millicent hatujawahi kushikana mkono. Ukija hapa unakaa kule kwa mti wa uzio, mimi nakusalimu kutoka mlango wa jikoni, na chakula chako analeta mwingine. Hivyo ndivyo mkwe na mama mkwe wanavyoheshimiana, na mimi nilikuwa najivunia kwamba unaheshimu.

Juzi mwanamume alikuja kwa meza yangu ya samaki omena hapo steji ya matatu. Akanunua omena wa kutosha, akasema, "Mama, wacha nikupige picha kidogo, smile." Nikafikiri amependa omena wangu. Nikamchekea, mkwe wangu. Nilicheka mpaka jino lililong'oka likaonekana.

Jioni Vivianne wa dukani akanionyesha simu yake. Picha ni mimi. Chini wameandika kwamba mimi ndiye Fridah wa ule wimbo wa zamani wa magitaa, "Gauni la Manjano". Juu yake kuna maneno ya mtu wanayemwita Profesa wa Malaba, ndiye aliyewatajia jina langu. Ameandika kwamba binti wa katekista alitoroka na mpiga gitaa wiki tatu, na kwamba alikuwa moto wa kuotea mbali. Vivianne akaniuliza, "Mama, si Profesa ni mume wa Millicent?"

Nimefunga meza. Nilikuwa nije kumwona mtoto mwezi huu. Sasa siji. Toa hayo maneno.

Vivianne anakuja Malaba kuchukua bidhaa, ndiye atakayekupa hii.

Ni mimi,
Mama Millicent


Malaba,
12 Machi 2024

Kwako Mama,

Kwa heshima kubwa nakusalimu wewe pamoja na Baba. Mtoto hajambo, analia kwa nguvu. Millicent yuko salama ila hanisemeshi. Mimi sijui niseme niko vipi.

Mama, sikujua. Naomba unisikilize hilo tu, halafu unihukumu. Tangu nianze kuja kwenu sijawahi kusikia mtu akikuita kwa jina lako. Kila mtu mbele yangu husema Mama Millicent. Kadi ya harusi iliandikwa Bwana na Bibi Barnabas Mugeni. Na mkwe ataanzia wapi kuuliza mama mkwe anaitwa nani? Hata kuliandika hapa mkono unakataa.

Kwa simu tuko na grupu yetu ya watu wanaopenda roki ya zamani, ile ya bendi zilizopiga kwenye kumbi za mpakani. Wengi ni madereva wa malori na mawakala wa forodha kama mimi. Foleni ikikwama tunabishana. Ubishi mkubwa kuliko yote ni wa "Gauni la Manjano". Sahani ya santuri yenyewe imeandikwa jina la bendi tu, Malaba Radi, haina jina la mtunzi. Kuna dereva anaitwa Makokha, amehamia Tororo, yeye anashikilia kwamba wimbo ulitungwa kule Tororo na bendi ya huku ikauiba. Wengine wanasema lile gitaa la mwanzo limetoka Kongo. Mimi nilikuwa nasema ni wa hapa kwetu, na wakanicheka, "Profesa, leta ushahidi."

Basi nikaenda kumtafuta Mzee Eriaku, aliyepiga lile gitaa. Anaishi karibu na Kocholia, macho yamefifia lakini mdomo ni mzima. Akanieleza kwa furaha kwamba aliutunga yeye, akimwimbia msichana wa Khunyangu, binti wa katekista Paulinus. Akanipa jina. Akanipa na ile habari ya wiki tatu. Nikaandika yote kwa grupu hapo hapo nikiwa kwake, na yale maneno mabaya nikayaongeza mimi ili wacheke. Walicheka. Niliitwa mfalme siku hiyo nzima.

Kumbe wengine wakafuatilia huyo binti aliolewa wapi. Picha ilipoingia nilikuwa nakula na mawakala wenzangu. Nikaifungua mbele yao. Mmoja akaniuliza, "Boss, unamjua huyo mathee?" Nikasema simjui.

Hiyo ndiyo inaniuma kuliko yote. Nilisema simjui.

Nimeyafuta maneno yangu. Nitamtuma mjomba wangu aje na mbuzi, tusafishe hili jambo kama wazee wanavyofanya.

Mkwe wako anayeona aibu,
Dancun


Funyula,
20 Machi 2024

Mkwe wangu,

Salamu. Mtoto asalimiwe. Hapa hatujambo, namshukuru Mungu kwa hilo.

Mbuzi usilete. Mjomba wako akija na mbuzi, majirani watauliza mbuzi ni wa nini, nami nitasema nini?

Umefuta yako, lakini ya wenzako bado yako. Jana lori liliegeshwa mbele ya kanisa tukiwa kwa kikao cha kina mama, dereva akafungulia ule wimbo mpaka mabati yakatetemeka. Mwenyekiti wetu akainama kama anatafuta kitu mkobani. Wenzangu wakainama pia. Wangenicheka waziwazi ningewajibu, maana mdomo ninao. Lakini kuinamiwa!

Baba Millicent hajagomba. Ningependa agombe. Ameniuliza mara moja tu, "Wiki tatu?" Nikamwambia si kweli. Sasa anakula kwa nyumba ya kaka yake. Miaka yote hii nimempikia, leo mtu mzima anabeba kiti chake kupita uani na sahani mkononi, watoto wa jirani wakimtazama.

Wewe ndiye uliyewaamsha hao watu. Wewe ndiye utakayewalaza. Sijui namna, mimi si msomi wa simu. Mpaka liishe, sikanyagi kwako, na mtoto atakua bila kunijua.

Mama Millicent


Malaba,
7 Aprili 2024

Kwako Mama,

Nakusalimu kwa heshima. Natumaini Pasaka ilipita vizuri. Zilpa ameanza kucheka, na Millicent anasema kicheko ni cha kwenu.

Nimelimaliza, Mama. Niliandika kwa grupu kwamba nilidanganya. Nikasema Mzee Eriaku amezeeka, anachanganya mambo, na huyo Fridah ni mtu niliyembuni ili nimshinde Makokha. Nikasema mama wa kwa picha ni muuza omena wa watu, hana habari na gitaa, na aliyeipiga aifute kama ana mama yake. Mwisho nikaandika kwamba Makokha alikuwa anasema kweli siku zote, wimbo ni wa Tororo.

Walinirarua. Mmoja aliandika, "Buda, kumbe ni Profesa wa Uongo." Jina limenishika, hata askari wa geti ananiita hivyo nikipeleka karatasi za mizigo. Wamenitoa kwa grupu. Makokha hakunicheka. Alinipigia tu akauliza, "Dancun, ni ukweli hii?" Nikamwambia ni ukweli. Halafu juzi redio moja ya huku ikaendesha kipindi kizima kuhusu wimbo huo, wakasema suala la asili yake limekwisha, ni Tororo.

Kwa hivyo jina lako sasa ni safi. Mimi kuitwa mwongo si kitu, nilijitakia. Nakuomba uje umwone mtoto. Siku utakayokuja nitaondoka nyumbani mapema, mtakuwa na Millicent peke yenu.

Mkwe wako,
Dancun


Funyula,
25 Mei 2024

Mkwe wangu Dancun,

Nakusalimu na nakuomba radhi kwa kuchelewa. Si ugonjwa. Mahindi tumepalilia, meza nimefungua, na wanunuzi wamerudi. Kina mama kanisani wananitazama usoni tena. Baba Millicent anakula nyumbani. Redio ilipotangaza mambo ya Tororo alikuwa kwa kiti chake, akajipiga kofi gotini na kucheka, "Si nilijua ni upuzi!" Akaniomba chai, akasifu chai.

Ulifanya nililokuambia, na ulilipa kwa jina lako. Kwa hilo nakushukuru.

Nilipaswa kufurahi. Siku ile ya redio nilimwekea chai, nikaenda jikoni, nikalia mpaka nikajishangaa. Nimekaa wiki nyingi nikijiuliza kama nikuandikie haya. Kwa Baba Millicent siwezi kuyasema, amepata usingizi juzi tu. Millicent atanionea huruma, na huruma siitaki. Umebaki wewe, ambaye hata kukuangalia siruhusiwi.

Wimbo ule nilitunga mimi.

Eriaku hakunitorosha popote, hata siku moja. Hizo wiki tatu ni majivuno ya mwanamume. Nilikuwa nashona kwa cherehani ya mama hapo sokoni Khunyangu. Nilijishonea gauni la manjano, mama akalificha ili nisiende dansi, nami nikawa namwimbia nikishona, namsumbua anirudishie gauni langu. Maneno ni yangu na sauti ni yangu. Mama mwenyewe alikuwa anacheka chini kwa chini. Eriaku alileta suruali ipunguzwe, akakaa akasikiliza, akarudi siku nyingine na nyingine, suruali haikuwa na kasoro tena. Mwaka uliofuata nikausikia kwa redio ya jirani, umetiwa magitaa. Nikamwambia mama, "Si huo ni wimbo wangu?" Mama akaniziba mdomo. Mtoto wa katekista kutunga wimbo wa dansi, nani angemwoa?

Kwa hivyo nikanyamaza, nikaolewa, nikazaa. Wimbo ukipigwa harusini nilikuwa natoka kwenda kuangalia sufuria. Miaka yote niliona aibu watu wasije wakajua. Sasa wamehakikishiwa kwamba sipo, kwamba mkwe wangu alinibuni, na nimegundua kuna aibu nyingine ambayo sina pa kuipeleka. Naona aibu kwamba niliutaka. Mwanamke wa umri wangu, mwenye wajukuu, anataka aitwe mwenye wimbo!

Mlibishana Tororo, Kongo, Malaba. Mlimuuliza mwenye gitaa. Mimi nilikuwa hapa nauza omena. Wewe ulishindwa kuniuliza kwa sababu ya heshima, hilo sikulaumu. Lakini wale wengine?

Usirudi kuwaambia. Nakuonya kabisa. Ukirudi, Baba Millicent atabeba kiti chake tena, na safari hii hatarudi. Hili nimekupa wewe ulibebe.

Jumamosi ya tarehe nane mwezi ujao nitakuja kumwona Zilpa. Nataka kumwimbia jinsi wimbo ulivyokuwa kabla ya gitaa. Kuna ubeti ambao bendi waliuacha, na ulikuwa ndio mzuri. Najua wewe ndiye mtu ambaye angependa kuusikia kuliko wote mpakani. Lakini siwezi kuimba mambo ya usichana wangu mkwe akisikia. Ondoka, uende mbali vya kutosha.

Mama yenu,
Mama Millicent


Malaba,
16 Juni 2024

Kwako Mama,

Salamu za heshima kwako na kwa Baba. Sisi sote hatujambo. Tunashukuru kwa ndizi, kwa unga wa wimbi na kwa kuku.

Siku ile niliondoka mapema kama ulivyoagiza. Mwanzoni nilisimama nyuma ya choo cha majirani. Sitakuficha, nilisimama pale kwa kusudi. Halafu nikaona haya, nikatembea mpaka barabarani, nikakaa katikati ya malori yanayounguruma, nisingesikia hata ungeimba kwa spika. Nilirudi baada ya kuambiwa umeshafika Funyula.

Makokha alinikuta hapo kwa foleni. Akanunua soda mbili, akaniuliza tena, polepole, kama kweli sijui wimbo umetoka wapi. Nikamwambia sijui.

Millicent hajui chochote nilichoandikiwa na sijamuuliza. Lakini ubeti ule ameushika, Mama, na humwimbia mtoto kila akimlaza. Akianza tu kuvuta pumzi, mimi huchukua viatu vyangu na kutoka nje.

Mkwe wako,
Dancun