Mnyama Asiyetajwa Jina

Kiranjeranje, Kilwa

Mdogo wangu Sikujua,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila magoti yangu yamenuna. Kikohozi chako je? Kama bado unajitibu kwa vitunguu, shauri yako.

Nakuandikia kwa sababu yule fundi wa mashetani na ngoma zake, usimlete. Nimekataa. Mjukuu wetu Rehani hana shetani.

Ni kweli, kila mpunga ukikomaa, watu wakipanda madungu, vile vichanja vya juu shambani, kufukuza nguruwe, yeye anajifungia ndani. Halali, anatetemeka, mtoto akitaka kutoka kukojoa anafokewa. Majirani wanamwita mvivu. Mwanaume mzima, ndevu tele! Mkewe alishafunga nguo arudi kwao Kikole na watoto.

Nikamburuta mpaka zahanati, nikamwambia nesi Valeria ampe vidonge. Akaniuliza utotoni aliona nini. Nikasema alimwona yule bwana akimchukua babu yake shambani. Akauliza, bwana gani? Si unajua kwetu hatajwi, ukimtaja umemwita. Nesi akasema, basi mtoto wa miaka saba mlimfunga mdomo, na mnyama kabaki ndani yake mpaka leo. Nilimnunia, lakini lilinichoma.

Nyumbani nikamkalisha Rehani barazani mchana kweupe, nikamwambia amtaje. Akagoma. Nikamtaja mimi: Simba! Simba! Jirani Hussen akakimbilia ndani na kuku wake mkononi. Rehani akacheka, kicheko kikageuka kilio, akasema yote. Kumbe simba alipofika chini ya dungu, babu yake alimwambia anyamaze kule juu, akashuka peke yake kumkabili. Miaka yote mtoto anaamini kwamba angepiga kelele, babu angepona. Nikamwambia, mjinga wewe, mume wangu namjua, hakuwa mtu wa kusema ovyo. Alikunyamazisha ili ubaki hai.

Sasa anakwenda hospitali alikoelekezwa na nesi, kuzungumza yaliyomsibu, kila wanapomwita. Kutetemeka hakujaisha, ila usingizi anaupata. Mkewe kafungua mzigo. Juzi mwanawe kamuuliza babu aliliwa na nini, kamjibu, tena kwa jina.

Na hili libebe peke yako: siku ile pale barazani nami nililia. Tangu tumzike mume wangu sikuwahi. Niliwaambia ni moshi wa jikoni, na iwe hivyo hivyo.

Wasalimie wa Lindi, wanaonipenda na wanaonisema. Ukija, kaa na Rehani, umwache aseme.

Mimi dada yako,
Somoe