Nyumba Niliyoipita Mara Tatu

Alhamisi, Birmingham. Manyunyu tangu asubuhi, yale ya huku yasiyokulowesha mara moja, ila ukifika unakokwenda unakuta hata soksi zinakamulika.

Naandika mapaja yakiniuma na macho yamevimba. Mapaja ni baiskeli. Macho nitaeleza.

Kwa mnaonisoma kutoka Kitale na kwingineko: ndiyo, bado niko Uingereza. Mkutano wa kazi uliisha Ijumaa, wapima ardhi wenzangu wakarudi nyumbani, mimi nikaomba likizo ya wiki moja. Nimekodi chumba Moseley kwa mjane mmoja Mwingereza. Aliponisikia nikiulizia mabasi, alifungua banda la nyuma akanitolea baiskeli ya marehemu mumewe. Akashusha kiti mpaka kikagoma. Bado miguu yangu haifiki chini vizuri, kwa hiyo kwenye kila taa nyekundu mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita huinamia upande mmoja, akiomba Mungu taa ibadilike haraka.

Siku hizi zote nimewawekea picha za mifereji na kuwaambia natalii peke yangu na nafurahia. Furaha haikuwa ya uongo. Njia za kando ya mifereji hazina magari. Madaraja ya matofali yako chini hivi kwamba unainamisha kichwa. Watu wanaishi kwenye mashua nyembamba, ndefu, na wameanika nguo zao humo humo. Nilipopotea kule Nechells katikati ya maghala, mwanamume aliyekuwa akifunga geti aliacha kazi yake akanisindikiza kwa miguu mpaka njiani. Hakuna aliyeniita mama fulani wala bosi. Nilikuwa mtu kwenye baiskeli, basi.

Ila sikuwaambia yote.

Kila siku, popote nilipoanzia, niliishia Winson Green. Kuna mtaa huko wenye nyumba zilizoshikana, mlango baada ya mlango, na nyuma ya mlango mmoja wa kijani anaishi mdogo wangu Wekesa. Jumatatu niliupita bila kupunguza mwendo. Jumanne nilipunguza. Jana nilisimama ng'ambo ya barabara, nikajifanya naangalia ramani kwenye simu, kisha nikaondoka.

Sijaongea naye kwa miaka sita.

Baba alipofariki, Wekesa, mwanawe wa kiume wa pekee, hakuja. Alinieleza kwamba pasipoti yake ilikuwa bado kwa watu wa uhamiaji, na akitoka nchini kabla ya ombi lake kujibiwa, hatarudi. Sikutaka kusikia. Siku ya mazishi wazee walisimama kando ya kaburi wakiulizana nani atupe udongo wa kwanza badala ya mwana, ikabidi atupe binamu yetu. Aibu ile ilinichoma kuliko msiba wenyewe. Jioni Wekesa alipiga simu. Nilimwambia, "Baba amezikwa kama mtu asiye na mtoto. Usipige tena simu hapa. Huna dada." Kisha nikamtoa kwenye kundi la familia.

Hayo ndiyo maneno yangu. Sijayapunguza.

Leo nilijiambia nikiupita ule mlango mara ya nne, nitakuwa nimeamua kuupita maisha yangu yote. Nikafika, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikabonyeza kengele. Kimya. Nikabonyeza tena. Na nikiri: nilipoona hakuna mtu, nilishukuru. Nilishageuza usukani mlango wa jirani ulipofunguka.

Alikuwa mama mnene kiasi, amevaa kitenge na juu yake sweta zito la kiume.

"Mama, uko unatafuta nani?"

Kiswahili cha Kongo. Sikukitarajia. Nikairudisha baiskeli ukutani.

"Wekesa."

"Eko kazini. Anatunza bazee. Atarudia saa kumi. Ingia, utakufa na baridi."

"Mimi ni mtu wa kwao," nikasema. Haikuwa uongo. Haikuwa ukweli pia.

Jina lake Mama Furaha, mwenyeji wa Uvira. Alinikalisha jikoni, akanipa taulo, akanimiminia chai yenye tangawizi ya kukohoza. Na kwa kuwa nilisema natoka kwao Wekesa, akaanza kunihadithia habari zake, kama mtu anavyomsifia mtoto wake mbele ya mgeni. Jinsi anavyombebea maji ya kunywa kutoka dukani. Jinsi alivyomfundisha mumewe kuendesha gari. Kisha akashusha sauti.

"Ule mwaka baba yake alikufa, mama, tuliogopa. Alivaa suti asubuhi, akakaa pale kwenye ngazi. Nikamuuliza, Wekesa, unaenda wapi? Akasema, leo wanamzika baba. Nikaita watu wa kanisa letu. Tulilia naye siku tatu, hapa hapa. Tulipika, tuliimba. Hakumjua mtu hata mmoja wa kanisa, lakini msiba ni msiba."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Lakini dada yake! Akamwambia asipige tena simu. Mtu amefiwa, unamwambia vile? Ule mwanamke eko na roho ngumu, mama. Ngumu sana."

Ningeweza kunyamaza. Ningemaliza chai, niseme asante, nipande baiskeli. Ndege yangu ni Jumapili. Wala asingejua.

"Mama Furaha," nikasema, "yule dada ni mimi."

Akanyoosha mkono akachukua kikombe changu, nami nikaanza kuinuka, nikijua ananifukuza, na haki yake. Akakijaza.

"Basi kunywa," akasema. "Utamungojea hapa. Usimukimbie tena."

Tukakaa hivyo, yeye akichambua mchele, mimi nikilia ndani ya taulo lake.

Saa kumi na dakika chache akasikia hatua nje, akafungua mlango. "Wekesa! Uko na mgeni."

Aliingia na sare ya kazi chini ya koti lililolowa. Ndevu zake zina mvi. Amefanana na Baba hivi kwamba nilisimama wima kama tulivyokuwa tukisimama mzee akiingia nyumbani. Miaka sita nimekuwa nikitunga hotuba ya siku kama hii, na yote ilinitoka kichwani.

"Nilikosea, Wekesa."

Akavua koti. Akalitundika polepole, amenipa mgongo, akakaa hivyo muda mrefu kuliko koti linavyohitaji.

"Mama anajua umekuja huku kwangu?"

"Ndiye aliyenipa anwani. Sikumuuliza ameipata wapi."

Akageuka, anacheka na kulia kwa pamoja. Kumbe Mama amekuwa akimpigia kila Jumapili kutoka nyumba ya jirani, ili nisijue. Miaka sita mama yangu ameongea na mwanawe kwa kujificha. Kwa kuniogopa mimi.

Hilo nitalibeba.

"Nilikasirika, dada," akasema tulipokaa. "Sitakuficha. Miaka miwili nikisikia mtu anaongea Kibukusu chetu mjini, navuka barabara."

"Na sasa?"

"Sasa bado kidogo. Lakini nimefurahi umekuja. Vyote viwili viko."

Nikamwambia inatosha. Sikuja kudai msamaha mzima siku ya kwanza.

Tulikula wali kwa Mama Furaha, aliyekataa kabisa tuondoke bila kula. Kiza kilipoanza kuingia Wekesa hakukubali nirudi na baiskeli, akaiingiza kwenye korido yake na kunisindikiza hadi kituo cha basi. Njiani tuliongea mambo madogo, magoti ya Mama, bei ya mahindi, mbwa aliyekufa. Basi lilipotokea kule mbali, ndipo akasema:

"Kesho sina kazi. Uje mapema, unisimulie mazishi. Nani alikuja, ziliimbwa nyimbo gani, kaburi liko upande gani wa boma. Hakuna aliyewahi kunisimulia. Mama akianza hulia."

Nikamwahidi.

Sasa niko kitandani Moseley, nguo zinakauka juu ya hita, na najaribu kuipanga siku ile kichwani kuanzia alfajiri. Nani alichimba. Nani alisali. Najikuta narukaruka, kila mara naruka mahali pale pale, pale simu ilipolia jioni nikaipokea.

Kesho sitaruka. Nitamsimulia mpaka hapo, nimweleze nilikuwa nimesimama wapi na uso wangu ulikuwaje, kisha ninyamaze, na yeye aseme alichokuwa anataka kuniambia siku ile kabla sijamkatia simu.