Kisu cha Shemeji

Jumamosi, usiku

Chuma, chuma, chuma! Mdogo wake mume wangu amepanda kutoka Kimandolu eti kutusaidia kumenya ndizi za kipaimara cha kesho, na mdomo hakuufunga. Kanunua kisu cha Kijapani. Alikiinua juu kama mchungaji anayeinua kikombe.

"Shemeji, hicho chako ni bati tu. Kisu ni chuma."

Kisu ni makali, nikamwambia, na makali yanatoka kwenye jiwe. Changu nakinoa kwenye jiwe la pale bombani, basi.

Mama mkwe akamsogezea kibakuli cha mafuta. "Paka kwanza, baba. Ndizi zina utomvu."

Hapa Nkoaranga hata mtoto hamenyi ndizi mbichi bila kupaka mafuta mikononi na kwenye kisu. Yeye akakataa, eti chuma kile hakihitaji. Ndizi chache tu, kisu kikawa cheusi kama sufuria ya kuni, vidole vimegandana, na bwana chuma karibu alie. Akakitupa kwenye beseni, akaondoka bila hata chai. Hovyo kabisa.

Nikakiosha mimi, kwa limau na majivu. Halafu nikakijaribu kwenye kitunguu, nipate cha kumcheka vizuri zaidi.

Nimekata vitunguu vyote vya pilau bila kutoa chozi hata moja.

Amepiga simu sasa hivi kuuliza kama kitapona. Nimemwambia kimekufa kabisa, shemeji, pole sana.

Kiko ndani ya ndoo ya unga. Hakuna mwanaume wa ukoo huu aliyewahi kutia mkono humo.