Shoki Gani?

Jumanne, 9 Septemba
Soko la Bwera limejaa. Samaki wangu wa chumvi wamekaribia kwisha, yamebaki mafungu mawili. Mchana simu ililia. Ni tajiri wa mdogo wangu Muhindo, bosi wake kule Hima anakochomelea mageti. Sauti inakatikakatika. "Mama Masika, Muhindo alipata shoki. Mukuje..." Simu ikakatika. Napiga tena, haipatikani.

Shoki gani?

Baluku, mume wangu, ni mtu wa pikipiki. Kwake shoki ni zile springi za gurudumu la nyuma. "Labda ilivunjika, akaanguka." Jirani anasema umeme. Mama yangu anasema shoki ni habari mbaya, wamemwambia Muhindo jambo la kwetu Butembo, Kongo. Kila mtu na shoki yake.

Jumatano, 10 Septemba
Alfajiri tajiri ametuma ujumbe: hospitali, Kasese. Nimekwenda.

Muhindo ameketi kitandani. Hana jeraha. Mikono haikuungua. Nikamshukuru Mungu mapema mno. Ananitazama kama anayetazama ukuta. Hasemi.

Tajiri amenieleza. Bwambale, mwenzake, alikuwa juu ya ngazi. Muhindo yuko chini, anampitishia vyuma. Chuma kimoja kikagusa waya wa umeme. Bwambale akamwangukia miguuni, amekwisha kufa. Walikuwa wanakula sahani moja, hawa wawili.

Alhamisi, 11 Septemba
Daktari amepita. Kiingereza kitupu. Nimeshika neno moja tu: shoki. Mama wa kitanda cha pili akasema binti yake alijifungua, wakasema shoki hivyo hivyo, jua halikuzama akawa marehemu.

Nimemkimbilia nesi. Akanishika bega. "Mama, ile ingine ni damu kukosa nguvu. Mutu anakufa mbio. Huyu presha yake iko muzuri. Shoki yake ni ya moyo, ya kuona mwenzake anakufa. Mumupeleke nyumbani, musimulazimishe kusema."

Nimekasirika. Neno moja, balaa zote hizo. Nusu siku nimemzika ndugu yangu kichwani.

Ijumaa, 12 Septemba
Tuko nyumbani. Muhindo hali chakula. Upepo ulibamiza mlango wa bati, akajitupa chini. Baluku sasa anaisukuma pikipiki mpaka barabarani ndipo aiwashe. Mama anasali tu. Naogopa. Na kama atabaki hivi?

Jumamosi, 13 Septemba
Maziko ya Bwambale, Kitswamba. Nilitaka Muhindo abaki. Alivaa viatu mwenyewe, akasimama mlangoni. Tukaenda naye.

Kaburini mama wa Bwambale alimfuata. Nilidhani atamlaumu. Akamshika kichwa kwa mikono miwili. "Mwanangu hakukufa peke yake. Ulikuwepo." Muhindo akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto. Wazee wakataka kumnyamazisha, Baluku akasema mwacheni.

Njiani alilala begani kwangu.

Jumapili, 14 Septemba
Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda kanisani. Nimepika sombe, majani ya muhogo, mama akasonga bugali. Muhindo alimega tonge, akaonja, akasita.

"Yaya," akaniita, kama anavyoniita mimi dada yake, "chumvi iko wapi?"

Neno lake la kwanza tangu Jumanne. Hakuna aliyeinua macho, tusije tukamshtua. Nikampa. Akatia nyingi mno. Sikumkataza.