Damu ya Shangazi Kutoka Nansio

Jumanne.

Na bado nina hasira. Shangazi wa kijana anayemposa mdogo wangu Neema katoka Nansio mpaka maabarani kwangu, kuuliza kama ukoo wetu una vichaa, maana kasikia kaka yetu Masanja aliwahi kuugua akili.

Nikamwambia, "Shangazi, hapa tunapima kimeng'enya kwenye damu za wagonjwa wa akili na za wazima. Ni utafiti tu, hakionyeshi nani kichaa."

"Basi nipime mimi, uone damu ya mtu mwenye akili timamu!" Akapandisha mkono wa gauni.

Majibu yametoka jioni. Masanja, tuliyempima mwezi uliopita, yuko chini, pamoja na wazima. Shangazi kawapita wagonjwa wote.

Hajayaona bado, na Jumamosi anataka kuyasoma mbele ya wazee wetu. Mungu anisamehe, nimemchapia kwa herufi kubwa.